Dakika Tano Makoroboi

Mjomba akikuazima gari, anakupa na hotuba. "Mjini usiliache mbali na macho yako. Ukikosa paking, rudi nalo." Gari lenyewe ni IST nyeupe ya kawaida kabisa, Mwanza zimejaa kama dagaa, ila kwake ile ni kitinda mimba. Jumamosi hiyo nilitoka Butimba kwenda kumchukulia suti kwa fundi, jirani na Makoroboi. Dakika tano tu.

Mji wetu umebanwa: mawe upande huu, ziwa upande ule, na magari yote yanataka kusimama kwenye mitaa ileile michache. Nafasi nzuri saa moja asubuhi zinakuwa zimeshachukuliwa na wenye maduka, ambao baadaye wanashinda wakilalamika kwamba wateja siku hizi hawaji. Zinazobaki zina walinzi: tairi bovu, jiwe, kreti ya soda, kiti cha plastiki chenye miguu mitatu. Nilishuka nikakisogeza kile kiti. Mzee akatoka dukani, akakirudisha bila kusema neno, akakikalia. Miguu mitatu! Nikamwamkia, nikaondoka.

Mzunguko wa nne, kijana mwenye kizibao cha njano akanipungia. "Njoo, bro! Kata kulia, kata yote, rudi, rudi, rudi..." Paa! "Hapo hapo!" Jiwe lilikuwa limeshanisimamisha kabla yake.

"Nipe buku, nakulindia. Hata nzi hatui."

Nikampa.

Kwa fundi nikakuta koti la mjomba halina mkono mmoja. "Bado vifungo tu," akasema. Sijui mkono nao ni kifungo. Nikakaa saa moja na nusu, mwisho akaniambia nirudi Jumanne.

Kurudi, gari hakuna. Pale nilipopaki pamekuwa genge la mitumba: mashati, magauni, suruali za watoto zimetandazwa mpaka chini. Nikapita. Nikarudi nikapita tena, jasho linatiririka, nimeshaanza kuwaza meli ya Ukerewe inaondoka saa ngapi. Mara ya tatu dada muuzaji akaniita: "Kaka, njoo uchague, zote buku mbili."

Aibu yangu ni hii: niliinama nikachagua. Shati la mistari, kola bado ngumu, saizi yangu kabisa. Nikalivuta, likakataa. Nikavuta kwa nguvu, ikachomoza saiti mira, na kwenye kioo chake nikamwona mtu mdomo wazi. Mimi huyo.

"Dada, hili ni gari langu!"

"Lako wapi? Sisi tumemlipa mwenyewe." Akanyoosha kidole kwenye kizibao cha njano.

Kijana akaja anatabasamu. "Bro, mimi nilikwambia nzi hatui. Umeona nzi?" Sikuwa nimeona nzi. "Halafu yule wa mashine ya ushuru kapita hapa mara mbili anatafuta namba ya gari, gauni limeifunika. Huna deni hata senti. Hapo ulitakiwa uniongeze." Kusema kweli, niliishiwa hoja.

Wakaanza kukusanya bidhaa, taratibu, kama watu wanaohamishwa kwa nguvu. Ikabidi pia nimsubiri mama mmoja aliyekuwa anajaribu koti, akijitazama kwenye kioo cha mlango wa dereva. Akageuka: "Baba, limenikaa?" Nikamwambia limemkaa. Na lile shati nikalilipia. Nilijaribu kuomba punguzo nikiwa nimeegemea gari langu mwenyewe, dada akasema bei ya paking imepanda.

Kwenye kiplefti ya Samaki, bodaboda mmoja akanisogelea dirishani: "Mwanangu, shusha kidogo naichukua sasa hivi!" Nikapandisha kioo. Kufika Igogo, bajaji nzima ya abiria ikanionyesha vidole viwili, wanacheka. Nikadhani ni mambo ya siasa, nikawapungia.

Mjomba alikuwa getini. Kama kawaida yake akalizunguka gari lote kabla hata ya kuuliza suti. Bampa, akaipapasa, akaguna. Milango, sawa. Nyuma akasimama muda mrefu. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa.

Nikazunguka nione. Chini ya waipa ya nyuma kulikuwa na kipande cha boksi, kimeandikwa kwa maka pen nyeusi, herufi kubwa:

BUKU MBILI. HAKUNA KUPUNGUZA.

Nilisubiri afoke. Hakufoka. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu mbili, akainyoosha vizuri, akanikabidhi. Kisha akakinga kiganja.

"Funguo."