Kizimkazi: kelele zote kwa boti, na jarife je?

Kila ikisambaa video ya Kizimkazi, kile kijiji cha wavuvi kusini mwa Unguja watalii wanakoenda kuona pomboo, boti zimemzingira pomboo mmoja na watalii wanaruka majini ovyo, watu tunawaka kwenye komenti. Sawa, mi pia inaniudhi. Ila tukisoma tafiti zilizofanyika pale naona hasira zetu tumezipeleka kwa yule anayeonekana tu.

Watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, walikuwa wanapiga picha mapezi ya mgongoni, maana kila pomboo ana mikato yake pale kwenye pezi, ndo wanamjua huyu ni yuleyule wa msimu uliopita. Hesabu zao za kuanzia 1999 hadi 2002 zilipata pomboo wa kawaida wasiofika 200, na wa aina ya pili, wale wenye nundu mgongoni, kama 60 tu hivi, yaani ukoo mmoja mkubwa wa kijijini unawazidi! Boti kweli zinawasumbua, zikiwepo wanapumzika kidogo na kutwa wanahamahama.

Lakini jarife, ule wavu mkubwa wa kutega papa na jodari, linaua. Pomboo anavuta hewa kama sisi, akinasa usiku chini ya maji ndo basi tena, na makadirio yalikuwa nyavu zinaondoa kati ya asilimia 8 na 10 ya wale wa kawaida kwa mwaka wakati kinachovumilika ni asilimia 1 au 2, na jike lenyewe linabeba mimba mwaka mzima, linazaa mtoto mmoja, halafu linakaa miaka mitatu au zaidi ndo lizae tena. Hapo hata boti zote zikifukuzwa kesho hujaokoa kitu.

Tena hizohizo boti, kabla ya utalii kuanza miaka ya 90 pomboo walikuwa wanavuliwa wawe chambo cha papa. Pesa ya mgeni ndo ilisimamisha ule uvuvi, hilo wanaharakati wengi hawalisemi.

Na mvuvi simlaumu, hatazami pomboo, anatafuta papa na jodari alishe watoto. Vipo vifaa vidogo vya kufunga kwenye wavu vinavyotoa mlio, vilijaribiwa Zanzibar na pomboo walionasa wakapungua. Betri zake nani ananunua? Kwa maoni yangu hela itoke kwenye ada ya mtalii, ikatwe kabla boti haijaondoka Kizimkazi Mkunguni, na pomboo wahesabiwe upya kwa mapezi yao kila mwaka, matokeo yabandikwe dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kwa Kiswahili, sio yaishie kwenye majarida ya Ulaya.