Ngeli Iliyomuua Bosi

Kidato cha nne nilipata A ya Kiswahili. Naitaja mapema kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Ningepata D, siku ile asingelia mtu.

Nafanya kazi kwenye kampuni moja ya kusambaza bidhaa, Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kule kwenye maghala. Mimi ndiye idara nzima ya TEHAMA: mkuu wa idara, fundi, na mbeba ngazi. Mtandao ulijengwa kabla sijaajiriwa na aliyeujenga hakuacha hata kipande cha karatasi. Basi kila intaneti ikikata bosi ananipigia, "Kijana, kuna nini?" Namjibu, "Natafuta chanzo, mzee." Saa mbili baadaye bado natafuta chanzo, nimo darini, nimeshika waya wa bluu ambao siujui unatoka wapi wala unakwenda wapi.

Siku moja akachoka. "Nataka hicho chanzo nikijue kabla yako," akasema. "Na kiandikwe Kiswahili, kila mtu aelewe."

Nikapakua Nagios. Ni programu ya bure ya kufuatilia vifaa vya mtandao. Ilianza mwaka 1999 ikiitwa NetSaint, yaani Mtakatifu wa Mtandao, mpaka jina likazua mgogoro wa alama za biashara, wakalibadilisha. Nilipoyasoma hayo nilicheka. Sikujua kwamba utakatifu haukuondoka na jina.

Kuchora ramani kulinila wiki mbili. Swichi za mtandao, vile visanduku vinavyounganisha nyaya za kompyuta, siku hizi zina tabia ya majirani wa uswahilini: kila sekunde 30 hivi inampigia hodi ya pembeni yake na kujitambulisha, mimi ni fulani, niko poti, yaani tundu la waya, namba fulani. Itifaki hiyo inaitwa LLDP. Ukiihoji kila swichi majirani zake ni akina nani, unaupata ukoo mzima. Na Nagios ni mtu wa ukoo hasa: kifaa kinachotangulia inakiita mzazi, kinachofuata nyuma yake ni mtoto, na nani kamzaa nani unaandika mwenyewe kwa mkono. Nikaandika usiku na mchana kama mzee wa kimila.

Ndipo nikagundua jambo. Mzazi wa kompyuta ya bosi alikuwa jikoni.

Si mzaha. Chumba cha seva kiko getini, ofisi ya bosi iko nyuma kabisa ya ghala, na waya wa mtandao ukizidi mita 100 hauaminiki tena. Fundi wa enzi zile alipoona mita zinamwishia akatafuta penye umeme katikati ya safari, akapata jikoni. Akaweka kiswichi cha poti nane juu ya kabati la vikombe, akaondoka zake. Kompyuta ya bosi na ya katibu muhtasi wake zote zinapumua kupitia kabati la vikombe.

Vifaa nikavipa majina ya watu, maana bosi ukimwambia anwani ya kompyuta 10.10.2.37 haina majibu atakuuliza hiyo ni bei ya nini. Kwa hiyo: MKURUGENZI, KATIBU, MHASIBU, STOO, JIKONI. Ramani nikaitundika kwenye televisheni ya mapokezi, kila kifaa na kiduara chake cha kijani. Wageni walikuwa wanapiga nayo picha.

Kilichobaki kilikuwa maneno ya SMS. Sisi mafundi kifaa kikizima tunasema kimekufa, hilo halina ubishi. Kikirudi nikaandika kimefufuka, utani tu, nikijua nitabadilisha baadaye. Lakini Nagios inatofautisha kifaa kilichokufa chenyewe na kile kisichofikika kwa sababu mzazi wake ndiye aliyekufa. Hilo la pili nililitafutia neno siku mbili. "Hakifikiki"? "Kimezibiwa njia"? Mwishowe nikasema huko ni kudeka tu, wote waandikiwe wamekufa, mradi tunataja chanzo.

Nikajaribu. Skrini ikaandika: MKURUGENZI KIMEKUFA.

Jamani. Mtu mwenye A. Niliusoma ujumbe ule nikaona aibu kana kwamba mwalimu wangu amesimama nyuma ya kiti. "Mkurugenzi" ngeli gani? Ya kwanza. Ya kwanza inachukua nini? Nikafuta KI, nikaweka A, nikalala usingizi wa mtu aliyeitendea lugha yake haki.

Kosa la pili ni dogo zaidi. Tuna huduma ya SMS za pamoja, ile tunayotumia kuwatakia wafanyakazi Idi njema na Krismasi njema, na ujumbe hutoka kwa jina la kampuni. Kulikuwa na kundi "mafundi", ambalo ni mimi peke yangu, na kundi "wote", ambalo ni watu 46. Mnajua nilichagua lipi.

Alhamisi, saa nane na dakika zake mchana, nilikuwa ghalani juu ya ngazi, simu nimeiacha kwenye chaji. Bosi alikuwa ametoka tangu asubuhi, kaendesha mwenyewe, kaenda kwenye kikao mjini. Mama Chai akataka kuchemsha maji. Birika la umeme likakosa soketi. Juu ya kabati akaona kiadapta cheusi kisicho na kazi yoyote anayoijua, akakichomoa.

Simu 46 zikaita pamoja.

JIKONI AMEKUFA 14:21.

Kama ningeacha KI watu wangejua ni kifaa. Lakini hebu soma tena kama Mswahili. Jikoni, amekufa. Watu wakatazamana: amekufa nani huko jikoni? Kabla hawajainuka likaja la pili.

MKURUGENZI AMEKUFA 14:22. CHANZO: JIKONI.

Anayebisha akatazame televisheni ya mapokezi: kiduara cha bosi chekundu, kinawaka na kuzimika.

Katibu muhtasi ndiye aliyepiga yowe la kwanza. Akashika simu kumpigia bosi, akajibiwa na yule dada wa kwenye mtandao: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. (Haipatikani! Neno nililolihangaikia siku mbili, kampuni za simu wanalo miaka yote.) Akarudia, haipatikani. Mara ya tatu hakumaliza, maana simu ilitetemeka mkononi.

KATIBU AMEKUFA 14:22. CHANZO: JIKONI.

Mtu mwingine angepata akili hapo. Akajiona yu hai, akasema huu ni upuuzi. Dada yetu hakufikiri hivyo. Asubuhi alikuwa amekunywa chai na bosi, birika moja, vikombe viwili. Akaketi polepole sakafuni, akajishika mapigo ya moyo, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe mimi ndiye ninayefuata."

Mhasibu akasoma ile SMS, akamtazama, akasema, "Wamekosea muda tu." Kisha akaagiza maziwa.

Nilipoteremka ngazini nikakuta kampuni nyingine kabisa. Mlinzi amemweka Mama Chai chini ya mwembe, anamlinda kwa rungu. Katibu kalazwa kwenye sofa ya mapokezi, yuko pakiti ya tatu ya maziwa na anaomba wanawe waletwe. Kamati imeshaundwa, mtunza stoo mwenyekiti, mhasibu mweka hazina. Daftari limefunguliwa, limepigwa mstari katikati: Taslimu, Ahadi. Mmoja yuko kwenye simu anaulizia turubai na viti 200.

"Kaka, bosi ametutoka," dereva wa foroklifti akaniambia, akanikumbatia.

Nililia. Sitaki kudanganya, nililia kwelikweli. Yule mzee alinipa kazi nikiwa na cheti tu na shati moja. Nikatoa noti ya elfu kumi, nikaandikwa taslimu. Nikasikia mzee mmoja wa usafirishaji akilalamika pembeni: "Lakini hili tangazo nalo, ndiyo nini? Mtu mzima anaandikwa amekufa, kama kuku! Hata 'amefariki' imewashinda?"

"Tangazo gani, mzee?" nikauliza nikijifuta machozi.

Akanipa simu yake.

Kuna namna mtu anavyoutambua mwandiko wake. Niliisoma mara moja tu. Nukta baada ya saa. Nafasi baada ya CHANZO. Ile A, iliyokaa vizuri mbele ya MEKUFA, safi, ya ngeli ya kwanza. Miguu ikawa ya mtu mwingine.

Ningesema palepale yangeisha. Lakini mbele yako kuna watu arobaini wanaolia, mmoja kajaa maziwa, mmoja yuko chini ya ulinzi. Nikaona bora kwanza nifufue, maelezo yatafuata. Nikaelekea jikoni kama ninayekwenda kunywa maji. Adapta ilikuwa imelala juu ya mkate. Nikachomoa birika, nikachomeka adapta, taa za kijani zikaanza kukonyeza moja moja. Nikakaa pale nikizitazama, nikipanga maneno ya kuanzia. "Ndugu wafanyakazi wenzangu..."

Nilichosahau ni kwamba kufufuka nako kuna SMS.

MKURUGENZI AMEFUFUKA 15:41.

Huko nje simu zote zikatetemeka kwa pamoja, pakawa kimya. Katika kimya hicho honi ikalia getini, mara mbili fupi, honi ya bosi ambayo kila mtu anaijua.

Wanaosimulia wanasema mtunza stoo alipiga ishara ya msalaba na dereva wa foroklifti akawa anasoma kila dua aliyowahi kufundishwa madrasa. Mlinzi, ambaye kazi yake ni kufungua geti, alikimbilia upande wa pili, mbali na geti. Aliyelifungua ni Mama Chai. Katibu hakusema neno. Aliinuka kwenye sofa, akatembea hadi chooni kwa heshima zake zote, akafunga mlango, na maziwa yote yakarudi.

Bosi akateremka na faili kwapani. "Kuna nini? Nani kafa?"

Hakuna aliyethubutu kujibu swali hilo. Nikajitokeza mimi, nikaeleza: swichi, adapta, mzazi, mtoto, ngeli. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akanyoosha mkono, si kwangu, kwa mhasibu.

"Lete hilo daftari."

Akalisoma akiwa amesimama juani, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mlinzi, elfu mbili, taslimu. Mama Chai, elfu tano, taslimu. Alitoa akiwa mtuhumiwa. Kidole kikafika kwangu.

"Elfu kumi. Hii ulitoa kabla hujajua ni wewe uliyeniua?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kazi unayo. Rudisha hiyo KI."

Kidole kikaendelea kushuka, kikasimama karibu na mwisho wa ukurasa, upande wa kulia wa mstari. Bosi akainua kichwa, akamtafuta mhasibu kwa macho.

"Miaka tisa tunakaa chumba cha pili," akasema. "Na wewe msiba wangu ni *ahadi*?"

KI niliirudisha jioni ileile, na kundi likawa "mafundi". Mama Chai alinunuliwa soketi yake mwenyewe na kuombwa radhi mbele ya watu. Daftari halijaonekana tena. Bosi aliondoka nalo kwenye mkoba. Mwisho wa mwezi nilimkuta mhasibu koridoni, kanyong'onyea. Nikamuuliza kulikoni. Akasema bosi amemwita tena, kamuuliza ile elfu hamsini inaingia lini.