Jirani wa mita 80

Nikiwa jikoni kwetu Utawala, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, naiona kamba ya nguo ya jirani. Najua siku anayofua na nayajua mashuka yake ya maua. Binti yake na wangu wako darasa moja. Lakini mtoto akisahau kitabu huko, safari ya kukifuata ni hii: natoka getini kwetu, nashuka na barabara yetu ya vumbi hadi bypass, barabara kuu ya kuzunguka jiji, natembea kando ya malori mpaka steji inayofuata, kisha napanda na barabara yao ya vumbi hadi geti lao, naandika jina kwenye kitabu cha askari na kumwachia kitambulisho. Siku moja nilipima kwa simu: kilomita 1.9. Kwa macho ni mita 80 na ukuta mmoja.

Tukizungumza barabara Nairobi, tunazungumza zile kubwa. Thika Road ya njia nane, iliyokamilika 2012. Expressway ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Bypass za kila upande. Wanasiasa nao huzipenda, maana zina utepe wa kukata. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa kijia cha mita 80. Mimi naona jiji hili linakabwa na vijia hivyo ambavyo havikupitishwa, kuliko barabara kuu ambazo hazijajengwa.

Sensa ya 1999 ilihesabu watu milioni 2.1 Nairobi, ya 2019 ikahesabu milioni 4.4. Na hapo hujawagusa wa Kitengela, Rongai, Ruiru na Syokimau, wanaolala kaunti nyingine na kuamkia kazini hapa. Watu wote hao wameenda kukaa kwenye ploti, na ploti hukatwa hivi: mtu ana ekari tano, ndefu na nyembamba kama mkanda. Anamwita mpima ardhi. Barabara moja inachorwa katikati, ploti huku na huku, na barabara inakomea kwenye ua wa shamba linalofuata. Mwaka ujao mwenye shamba hilo naye anafanya vivyo hivyo, akianzia upande wa pili. Barabara mbili zinapeana mgongo milele.

Piga hesabu nami. Ekari ni futi za mraba 43,560. Ploti ya hamsini kwa mia ni 5,000. Ukikata nane kwa ekari, kama wanunuzi wengi wanavyodhani, zinabaki 3,560, yaani asilimia 8 hivi, na humo utie barabara, mtaro, nguzo za stima na mahali pa lori la maji kugeuzia. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Gigiri, hupendekeza angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe barabara. Kwa kipimo hicho ekari ingetoa ploti sita. Nionyeshe muuzaji atakayeziacha mbili ziende bure. Wala nisimlaumu peke yake: nilipokuwa nanunua niliuliza kama maji yapo na hati itatoka lini. Barabara inaishia wapi, sikuuliza.

Nenda Eastleigh uone tofauti. Watu huilalamikia kwa fujo, mikokoteni na maji taka, na wana haki. Lakini sehemu kubwa ya ramani yake ilichorwa kama ubao wa drafti, barabara zikapewa nambari, na lori likiziba moja unaingia ya pili yake. Mvuta mkokoteni ana njia tatu kichwani kabla hajaondoka dukani. Kwetu, lori moja la kokoto likizama kwenye udongo mweusi msimu wa masika, mtaa mzima umefungiwa ndani, na anayeumwa uchungu wa kuzaa abebwe. Makanga akiona bypass imesimama humwambia dereva apite panya, yaani njia za uchochoroni. Upande wetu hata panya hana pa kupita.

Anayeumia zaidi ni anayetembea. Kilomita mbili za kuzunguka kwa gari ni muda wa wimbo mmoja redioni. Kwa miguu, ukiwa na mtoto mgongoni, ni nusu saa ya vumbi. Kaunti ilitoa sera ya usafiri wa miguu na baiskeli mwaka 2015, na mahali pengine njia za miguu zimejengwa vizuri. Lakini njia ya miguu iliyopangwa kando ya mzunguko bado ni mzunguko.

Sasa niseme langu. Ukuta ule kati yangu na jirani haukuwepo tulipohamia. Palikuwa na mwanya ambapo ploti mbili hazikukutana sawasawa, na watoto, mafundi na mama mboga walipitia hapo. Kisha mitungi miwili ya gesi ikaibwa wiki moja. Tukafanya mkutano wa wakaazi chini ya hema, mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono ukuta, nikainua mkono. Hata sikusita. Mtungi wangu uliondoka miezi mitano baadaye, mchana kweupe, kwa boda, kupitia geti kuu. Mama mboga naye aliacha kuja. Kile kijia kilikuwa na macho ya watu kuanzia alfajiri. Sasa pale pana kiza, nyasi na harufu ya mkojo.

Sisemi mageti yang'olewe. Hofu ya usiku ni ya kweli. Nimependekeza mlango mdogo wa waendao kwa miguu, ufunguliwe saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa tatu usiku. Pendekezo limeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, ambako mapendekezo huenda kulala.

Kinachonitia haraka ni kwamba nyumba hubomolewa, barabara hubaki. Mwaka 2020 watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walionyesha kwamba katika sehemu kubwa ya dunia barabara mpya za mijini zinazidi kutounganika, na mtandao ukishachorwa ni vigumu mno kuubadilisha. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inaipa kaunti mamlaka ya kuidhinisha au kukataa mgawanyo wa shamba. Basi kabla ya muhuri kugonga karatasi, afisa aulize swali moja tu: barabara hii inaungana na ipi? Kama jibu ni ua wa jirani, mchoro urudi kwa mwenyewe.

Mwisho wa barabara yetu kuna ploti moja ambayo haijajengwa. Ikinunuliwa, hata upana wa mita sita tu pembeni yake, barabara yetu na ya kina jirani zinakuwa moja. Nimelisema hilo kwenye mikutano miwili. Jumanne lori lilimwaga mawe ya Ndarugo pale, na jana fundi alikuwa anavuta kamba ya msingi.