Ubongo upigwe picha kabla haujakatwa

Ukitajwa uchunguzi wa kina wa ubongo wa binadamu, wengi wetu hukimbilia bei ya hadubini. Kwa maoni yetu, kinachookoa kazi ni mpangilio: njia zisizoharibu zitangulie, kisu kifuate. Seli iliyoonekana vizuri lakini haijulikani imetoka wapi haisaidii kitu.

Ubongo uliotolewa mwilini ni laini kama ovakado iliyoiva sana. Ukilala kwenye kitako cha ndoo hubonyea, na fomalini, dawa ya kuhifadhi viungo visioze, huugandisha hivyohivyo. Pitisha uzi chini ya mshipa wa damu ulio mbele ya shina la ubongo, uuning'inize juu chini ndani ya fomalini ya asilimia 10 kwa wiki 3 hivi. Ukiharakisha, nje hukaza huku ndani kungali kubichi.

Kisha uuloweke siku kadhaa kwenye maji ya chumvi yenye fosfati, maana fomalini hudhoofisha ishara ya MRI, yaani picha za ndani zinazopigwa kwa sumaku. Hewa iondolewe kwa pampu, polepole. Kiputo kimoja kilichobaki kwenye mkunjo hutoa doa jeusi ambalo mtu atalisoma kuwa damu iliyovuja.

Mashine ya MRI iliyounganishwa Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, mwaka 2022 ina sumaku ya kudumu yenye nguvu ya takriban tesla 0.05, wakati za hospitali nyingi zina tesla 1.5. Haitaonyesha tabaka za gamba la ubongo. Lakini ubongo ulio kwenye chombo haupumui wala hautikisiki, kwa hiyo waweza kupigwa picha usiku kucha. Ukipiga mara 4 na kuchukua wastani, uwiano wa ishara kwa kelele, yaani chengachenga za picha, huongezeka maradufu. Chumba kisibadilike joto tu, kwani nguvu ya sumaku hiyo huyumba. Kwa ramani ya umbo, tunaamini mashine ya aina hiyo inafaa sana.

Ndipo ubongo ugandishwe ndani ya nta, ukatwe. Kabla ya kila pigo la kisu cha mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba sana, piga picha uso wa bonge la nta, kamera ikiwa imefungwa pale pale. Vipande hupinda na kuchanika vikielea kwenye maji ya uvuguvugu, na bila picha hiyo kompyuta haina cha kuvinyooshea. Hata ubongo wa kidijitali uliotolewa mwaka 2013 na watafiti wa Jülich, Ujerumani, wenye vipande 7,404 vya unene wa mikroni 20 (sehemu 20 za elfu za milimita), ulitegemea MRI ya ubongo uleule kurekebisha umbo.

Ukipaka vipande rangi zinazong'aa ili kutafuta seli fulani, kumbuka seli za wazee zina lipofusini, mabaki yanayojikusanya ndani ya seli na kung'aa yenyewe. Acha slaidi moja bila rangi; kinachong'aa humo si ulichokuwa ukitafuta.