Dogo anatupia pointi 20, ndo nyota tayari?

Kila msimu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ukianza lazima atokee dogo anapiga pointi 20 mechi mbili tatu na watu washamvisha taji, mi huwa nauliza kwanza ana miaka mingapi na anachezea timu gani. Mcheki Michael Carter-Williams, Oktoba 2013, mechi yake ya kwanza kabisa tena dhidi ya Miami ya kina LeBron waliokuwa mabingwa: pointi 22, asisti 12 (pasi za kufungia), rebaundi 7 (mipira iliyokosa kuingia akaidaka) na akapora mipira 9! Msimu umeisha kabeba tuzo ya chipukizi bora. Sasa timu yake, ile Philadelphia, ilipigwa mechi 26 mfululizo, ikashinda 19 tu kati ya 82, yaani mpira anao yeye muda wote na akikosa hamna wa kumuuliza. Na alikuwa anakosa kweli, mitupo ya mbali aliingiza kama mmoja kati ya minne. Februari 2015, msimu wa pili haujaisha, timu ikamtoa kwenda Milwaukee.

Huko Milwaukee akamkuta Giannis Antetokounmpo wa drafti hiyohiyo (zoezi la timu kuchagua chipukizi kwa zamu), aliyechaguliwa namba 15, aliyeanza na wastani wa pointi 6.8. Ila huyu aliingia na miaka 18, mwenzake 22, na wastani ukawa unapanda kila mwaka: 12.7, 16.9, 22.9, 26.9. Hiyo ngazi ndo mi naiangalia kuliko pointi zenyewe.

Wanaosema nyota huonekana mapema nao hawajakosea, LeBron alianza na wastani wa 20.9 na Luka Dončić 21.2, halafu jina la Giannis limegeuzwa kinga ya kila mchezaji butu, "mpeni muda", muda mpaka lini?

Kuna wanaopima kama dogo atakuja kuwa mtupaji kwa mitupo huru, maana pale hakuna anayekukaba. Kawhi Leonard chuoni alikuwa hovyo kwa mitupo ya mbali ya pointi 3 lakini mitupo huru mwaka wake wa mwisho asilimia 76, akafika NBA akawa mtupaji mzuri tu. Kipimo kizuri ingawa Giannis mpaka leo mitupo huru inamtesa, na tuzo za MVP, mchezaji bora wa msimu, anazo 2.

Shida ni hela. Mkataba wa chipukizi wa raundi ya kwanza ni miaka 4 lakini mazungumzo ya kuongeza mkataba yanafunguka baada ya 3, so ofisi ya timu inaamua kabla haijajua kama dogo ni nyota kweli. Aliyeingia na miaka 19 mi ningemlipa hata kama bado anayumba, aliyeingia na 22 na mwaka wa tatu yuko palepale, aende tu.