Stika ya mgongoni

Mi ni mkutubi, maktaba flani ya mkoa, siitaji. Mwaka wa 11 huu nabandika stika za namba kwenye migongo ya vitabu na hii kazi ukiifanya sana inakuharibu, yaani hata mtu akipita barabarani unajikuta unamtafutia namba. Nyumbani tukaanzisha mchezo na binti yangu wa miaka 8, kila kitu kinabandikwa namba ya Dewey, ule mpangilio wa maktaba ambao kila mada ina namba yake, jikoni 641.5 mapishi, banda la kuku 636.5, sasa kile chumba cha wageni ambacho soksi zikiingia hazitoki mtoto akasema baba humu kuna uchawi, haya, mlangoni 133.4. Tukacheka weee, tukasahau.

Mwezi uliofuata akaja mama mkwe. Alilala chumba gani? Wiki nzima anaiona hiyo 133.4 kila akifungua mlango na hajauliza kitu, na huyu mama ni mwalimu mstaafu.

Mi niko bize na makala ya jarida letu la wakutubi, najenga hoja kwamba mtu yeyote ukimwelekeza dakika 5 tu namba zinavyopangwa anakifikia kitabu mwenyewe bila kusumbua kaunta. Nilichokosa ni mfano. Basi siku hiyo nikamleta mama aone ninapofanyia kazi, nikamwelekeza kwa mbwembwe zote, mama huku 000 mambo ya jumla, 100 falsafa na saikolojia, unafata namba inavyopanda, baada ya nukta unasoma tarakimu mojamoja. Akasema "ahaa." Nikageuka kumgongea mwanafunzi mhuri, kurudisha macho mama hayupo, yuko kwenye rafu ya 100, kidole kinatembea taratibu kwenye migongo ya vitabu, kikasimama. Akavuta kimoja. Akasoma jalada. Akaniangalia kwa juu ya miwani. Halafu akakirudisha mwenyewe rafuni (na hili tunalikataza kila siku!!) na hakutoa neno mpaka tunafika nyumbani.

Mke wangu alinuna siku mbili. Mi nimekazana soksi mama, ni habari ya soksi tu, wallahi soksi, mwishowe akasema "haya mkwe, nimeelewa."

Jumatatu asubuhi natoka, mama akanisindikiza mpaka mlangoni, akanipigapiga mgongoni, "kazi njema mwanangu." Nikajua yameisha, nimeenda kazini napiga mluzi. Sasa kule kila mfanyakazi akipita nyuma yangu anakohoa. Wasomaji hawana habari ila wakutubi wenzangu hawajiwezi, mmoja alikimbilia stoo kabisa. Nimekaa kaunta hivyohivyo mpaka saa nane mchana ndo bosi akaja akanibandua kitu mgongoni, stika yetu ileile, mwandiko wa binti yangu. 599.8.

Nyani.

Bosi akaishika kwenye mwanga, akaikagua, akasema namba iko sahihi.