Kantangaze hatambuliki kwa picha ya simu

Kuna habari inayosema mkulima wa Ngarenanyuki, Arusha, apige picha nondo aliyenaswa kwenye mtego wa shamba la nyanya, jina lijulikane hapohapo. Hapana jamani. Kantangaze, nondo anayeshambulia nyanya, ana urefu wa milimita 5 hadi 7, kijivu chenye madoadoa, na nduguye nondo wa viazi anafanana naye mno. Gundi ya mtego ikishamvua magamba ya mabawa, picha haisaidii kitu.

Kinachoamua ni viungo vya uzazi. Tumbo hukatwa, likatumbukizwa kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, kemikali inayoyeyusha nyama na mafuta, kichupa kikakaa kwenye maji ya moto dakika kama 10. Asiye na haraka aliache usiku kucha bila moto. Likikaa humo kupita kiasi, sehemu laini huwa angavu kama maji, huzioni. Likitolewa mapema mno, mafuta na nyama huficha umbo. Kisha magamba husafishwa kwa brashi laini ndani ya alkoholi ya asilimia 70, na viungo hutazamwa kwenye tone la gliserini chini ya hadubini. Kosa baya kuliko yote ni kuchanganya matumbo: kila moja libaki na namba ya nondo wake. Na lebo isiseme "Arusha" tu! Kijiji, mwinuko, tarehe, zao.

Kuhusu jina la kisayansi, mtaalamu wa wadudu Meyrick alimweka kwenye jenasi Phthorimaea mwaka 1917, baadaye akahamishiwa Tuta, na 2021 akarudishwa Phthorimaea. Kwa hiyo Tuta absoluta wa kwenye vibandiko vya viuatilifu ni mdudu yuleyule.